Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Moshi

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina. Ada zimeingia vizuri kuliko mwaka jana, na ambao bado hawajalipa wanajijua. Mimi nataka tuzungumze habari ya mama pweza, yule tuliyejaribu kumfuga.

Mnakumbuka alivyofika: ndani ya ndoo yenye kifuniko, kwenye basi la Tanga, kondakta akiuliza kama ni kitoweo. Tukamweka kwenye tangi letu la mtaa wa Pasua, akajificha ndani ya chungu. Wiki ya tatu akaanza kukataa kaa. Tulidhani anaumwa, mpaka mwenzetu alipomulika tochi akaona mayai yananing'inia kwenye paa la chungu, vishada vya punje ndogo kuliko mchele. Karibu mwezi mzima hakutoka. Aliyapulizia maji, akayapapasa kwa minyiri, huku ngozi inazidi kupauka. Usiku wa kuanguliwa tulikuwa saba mbele ya kioo na hakuna aliyefungua mdomo. Siku chache baadaye akafa, na hilo asilaumiwe mtu: pweza jike wa aina nyingi hutaga mara moja tu, kisha hufa.

Watoto nao hawakumaliza wiki. Hapo lawama ni yangu. Pweza tuliyemchukua hutaga mayai madogo kwa maelfu, na watoto huelea majini wiki kadhaa kabla ya kushuka chini. Sisi tuliacha chujio likivuta kwa nguvu zote, asubuhi tukawakuta wamenasa kwenye sponji. Wanaofanikiwa kufuga huchagua wenye mayai makubwa. Mtoto wa pweza aina ya bimaculoides, wa California, akianguliwa tu anatambaa chini na kuwinda. Yupo pia pweza aina ya chierchiae, wa kukaa kiganjani, ambaye jike wake hutaga zaidi ya mara moja. Watafiti wa viumbe vya bahari wa Woods Hole, Marekani, wamemzalisha kizazi baada ya kizazi.

Hao ni wa mbali na wanataka vibali, kwa hiyo kamati inaomba tusikurupuke. Kwanza tujue kutunza maji. Chumvi iwe kama gramu 35 kwa lita, na maji yakipungua kwa jua tuongeze maji yasiyo na chumvi, siyo ya chumvi tena (kosa hilo tumelifanya mara mbili). Viungo vya shaba kwenye mabomba ving'olewe vyote. Damu ya pweza yenyewe ina shaba, lakini shaba ikiyeyuka majini inamuua. Na vifuniko vifungwe! Pweza wetu wa pili alitoka tangini, tukamkuta amekauka nyuma ya mifuko ya saruji.

Tunaomba mpitishe ununuzi wa betri ya pampu ya hewa kabla ya Juni. Umeme ukikatika usiku wa baridi, hakuna atakayetoka Rau kwenda Pasua kupuliza kwa mdomo.

Chungu kimeoshwa, kipo mezani. Alama za mayai bado zinaonekana kwa ndani.