Zamu yako ya Machi

Tabata, Jumapili usiku

Mama Zawadi mpenzi,

Salaam nyingi. Huku tu wazima, mtoto kapona kikohozi, baba yake bado yuko safarini. Nisikuzungushe, nina jambo linaninyima usingizi.

Ni dada wa kazi. Alipokuja kutoka Njombe Machi mwaka jana tulikubaliana laki moja kwa mwezi. Arobaini namtumia mama yake, sitini akaomba nimtunzie, maana akishika hela tu, baba yake mdogo anapiga simu ana shida. Nikafungua daftari, kila mwisho wa mwezi anasaini. Ila hela zenyewe, shoga yangu, zilikaa kwenye simu yangu pamoja na zangu. Januari ada ikabana, nikachota.

Juzi anaosha vyombo, akaniambia bila kugeuka: "Mama, mwezi wa tatu nikienda nyumbani nataka cherehani. Yangu imefika laki saba na ishirini, eti?" Hajaangalia daftari, anayo kichwani. Nikamjibu ndiyo. Iliyopo ni laki tatu na nusu.

Na likizo yenyewe ina malipo. Siku 28, sheria ya ajira ya 2004 haimruki kwa kuwa kazi yake iko jikoni.

Mama mkwe anasema nimpe nusu, nyingine atamalizia akirudi. Siwezi. Yule wa kwa Mama Kulwa, miaka miwili, si aliondoka na doti moja ya kitenge? Na mimi ndiye niliyesema sana siku ile. Halafu huyu ndiye aliyekesha na mtoto nilipolazwa... basi tu.

Ninachokuomba ni zamu. Kwenye mchezo wetu wa kupeana hela wewe una Machi, mimi nina Juni. Tukibadilishana, ile laki tano inaziba pengo na mshahara wa likizo juu yake.

Je, ya Machi umeshaipangia kazi? Ukiona vigumu niambie tu, sitanuna. Na nimweleze dada kwamba nilizigusa, au nimkabidhi zikiwa kamili ndipo nimwambie? Wa kwako unamwekea wapi? Ulimsubiri apate namba ya NIDA ndipo akasajili laini yake mwenyewe, au kuna njia nyingine? Sitaki tena hela yake ipite kwenye simu yangu.

Nijibu kabla ya Ijumaa. Jumamosi namkatia tiketi.

Wako,
Mama Ima