Funga kamba za jaketi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila mama yako goti lile lile. Video yako ya zoezi la dharura nimeiona. Wenzako wanacheka, nawe jaketi la kuokolea umelitia shingoni kama skafu, kamba zinaning'inia. Mimi sikucheka.

Unatoka Kilindini kwenda Colombo. Njia hiyo hiyo, Februari 1944, ilipita Khedive Ismail, meli ya abiria iliyotwaliwa na Waingereza kubebea wanajeshi. Ilipakia watu zaidi ya 1,500. Karibu 1,000 walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, kikosi cha 301, vijana wa huku kwetu waliokuwa wakipelekwa Seiloni, yaani Sri Lanka ya leo, na mbele yake Bama, ambayo sasa ni Myanmar. Wauguzi pia walikuwamo, wanawake.

Tarehe 12, karibu na Maldivi, chakula cha mchana kimeshaliwa, wengi wako chini ukumbini wanatazama burudani. Nyambizi ya Kijapani, I-27, ikaipiga topido mbili. Meli ikazama kwa dakika kama mbili hivi. Weka sufuria ya chai jikoni uone kama itachemka kwa muda huo. Walikufa watu 1,297.

Na kuna jambo ambalo hadi leo halinishuki kooni. Nyambizi ilijificha chini ya wale waliokuwa wakielea. Manowari za ulinzi, Petard na Paladin, ikabidi ziiwinde, na mabomu ya kulipukia chini ya maji yakatupwa palepale penye watu. Msafara ulikuwa na meli nyingine nne zimejaa watu, ndiyo hesabu aliyoipiga nahodha wa Petard. Nimefanya kazi gatini miaka thelathini, nimewasikia mabaharia wakimtetea, na sina la kuwajibu. Lakini mtu ameponea topido, anaiona manowari ya kwao inakuja, anadhani anaokolewa! Nyambizi nayo ilizamishwa siku ile ile.

Majina ya askari wale yako Nairobi, kwenye makaburi ya vita, Ngong Road. Nilipopelekwa kutibiwa macho nilipita pale. Nilisoma mpaka macho yakaanza kutoa machozi, nikamsingizia daktari na dawa zake.

Basi ukipanda melini, kabla hujafungua begi, hesabu ngazi kutoka kitandani kwako hadi sitahani. Nitumie idadi. Kisha nitumie video nyingine, kamba zikiwa zimefungwa.

Baba yako