Mkiandika habari za mbegu bora, tuonyesheni na ramani ya ploti

Mhariri,

Ukurasa wenu wa kilimo huwa siupiti, na hapa Mlali gazeti moja linasomwa na nyumba tatu nne. Ndiyo maana habari yenu ya wiki iliyopita imenikosesha raha. Mmeandika kwamba mbegu mpya ya mahindi imeizidi ya zamani karibu mara mbili katika shamba darasa. Nimeitazama picha mliyoiweka. Mbegu mpya imepandwa bondeni, jirani na mfereji. Ya zamani iko juu, kwenye changarawe. Sasa hapo kilichoshinda ni mbegu au ni bonde?

Nimestaafu ufundi sanifu wa mashamba ya majaribio. Kazi yangu ilikuwa kamba, vigingi na futi kamba: kupima ploti na kuhakikisha kila mbegu inaingia mahali ilipopangiwa. Shamba halilingani hata siku moja. Juu mvua imeosha udongo, chini rutuba imejikusanya; upande mmoja kuna mitiki inayotia kivuli na kunyonya maji, upande wa pili ni peupe. Dawa yake inajulikana tangu zamani. Mtakwimu R. A. Fisher aliitumia katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, miaka ya 1920, na akaieleza kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1935. Ukiwa na mbegu nne, unakata ploti 16, nne kwa nne, na kila mbegu inaonekana mara moja tu katika kila safu ya kulala na mara moja tu katika kila safu ya kusimama. Hivyo kila mbegu inaonja bonde, inaonja changarawe, inaonja kivuli na jua. Huo ndio mraba wa Kilatini. Wanaojaza Sudoku yenu wanaujua, ukiondoa sharti la vile visanduku vidogo.

Uzuri wenyewe unakuja ukitaka kupima na mbolea nne humohumo, bila kuongeza ploti. Msomaji mwenye karata achague ree, mfalme, malkia na ghulamu wa rangi zote nne, azipange hivi:

Ree ya shupaza, mfalme wa kopa, malkia wa uru, ghulamu wa pau.
Malkia wa pau, ghulamu wa uru, ree ya kopa, mfalme wa shupaza.
Ghulamu wa kopa, malkia wa shupaza, mfalme wa pau, ree ya uru.
Mfalme wa uru, ree ya pau, ghulamu wa shupaza, malkia wa kopa.

Kagua safu yoyote, ya kulala au ya kusimama: hakuna cheo kinachojirudia wala rangi inayojirudia. Kagua hata zile mbili za mshazari, kutoka pembe hadi pembe. Sasa cheo kiite mbegu, rangi iite mbolea. Kila mbegu imekutana na kila mbolea mara moja tu. Ni miraba miwili ya Kilatini iliyolaliana bila kugombana, na wanahisabati huiita miraba othogonali. Mtakwimu ataongeza kwamba mpango huu unafaa pale tu ambapo mbolea haibadilishi sana mpangilio wa ubora wa mbegu. Ni kweli, na hilo nalo liandikwe.

Mkuu wetu mmoja kazini aliwahi kutaka mbegu sita na mbolea sita katika ploti 36 kwa mtindo huohuo. Haiwezekani, na si kwa uzembe wa mtu. Mwanahisabati Leonhard Euler alihangaika na swali hilo katika makala iliyochapishwa mwaka 1782: maofisa 36 wa vikosi sita na vyeo sita, wapangwe sita kwa sita. Alishindwa kuwapanga, akakisia kwamba hata 10, 14, 18 na kuendelea kwa kuruka nne haziwezekani. Mwaka 1900 Gaston Tarry, Mfaransa aliyekuwa mtumishi wa serikali huko Algeria, alipitia hali zote za sita kwa kalamu na karatasi, akathibitisha kwamba kweli hakuna. Lakini mwaka 1959 Wahindi wawili, R. C. Bose na S. S. Shrikhande, walipata miraba ya 22 kwa 22, Mmarekani E. T. Parker akapata ya 10 kwa 10, na watatu hao kwa pamoja wakaonyesha kwamba zote zilizobaki zinawezekana. Zinazokataa ni mbili na sita tu. Mhariri, habari hiyo gazeti la New York Times liliiweka ukurasa wa mbele, Aprili 1959. Wasomaji wa gazeti wanayaweza mambo haya wakielezwa.

Mbegu zikiwa nyingi, miraba hiyohiyo inasaidia kwa njia nyingine. Mbegu 25 zinaweza kugawanywa katika vitalu, yaani vikundi, 30 vya ploti tano tano, na kila mbegu ikakaa kitalu kimoja na kila mwenzake mara moja tu, isizidi wala isipungue. Hapo hakuna mbegu itakayolalamika kwamba imeshindanishwa na wababe peke yao.

Ninachoomba ni kidogo. Mkiandika matokeo ya shamba darasa, mwulizeni bwana shamba mbegu zilipangwaje, zilirudiwa mara ngapi, na nani alichezesha kura ya mbegu ipi ikae wapi. Kisha mchore ramani. Ploti 16 zinaenea katika upana wa safu moja ya gazeti lenu. Na habari ya wiki iliyopita irudieni kwa aliyewapa, mumuulize magunia yangekuwa mangapi kama mbegu hizo mbili zingebadilishana nafasi. Fanyeni hivyo kabla ya masika, maana hapa watu wameshaanza kuuliza bei ya hiyo mpya madukani, na wengine wanauza mbuzi ili wainunue.

Fundi sanifu mstaafu,
Mlali, Mvomero