Salamu za Idi: tuvue kibri tunapovaa kanzu mpya

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, ndugu zangu, mashangazi na wajomba, majirani wa Chang'ombe na Majengo, nanyi mliotawanyika Kondoa, Mpwapwa, Singida na Dar es Salaam: Idi Mubarak. Mwenyezi Mungu azitakabali funga zetu, sala zetu na sadaka zetu, atusamehe tulipoteleza, na atufikishe Ramadhani nyingine tukiwa na afya na imani. Amin.

Mwaka umekuwa mzito. Ramadhani hurudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka, na miaka hii inatukuta pabaya sisi watu wa Dodoma: ghala zimeisha, mtama na uwele bado viko shambani, na mvua yetu ni ya msimu mmoja, ikikatika imekatika. Juzi sokoni Majengo nilisimama nyuma ya mama mmoja aliyekuja na kichupa chake kupimiwa mafuta ya alizeti. Muuzaji alipomtajia bei, alirudisha robo ya sukari aliyokwisha kufungiwa, akachukua mafuta na nyanya mbili, akaondoka kimya. Na alizeti hiyo inalimwa hapa hapa kwetu na Singida! Nyumba nyingi zimefuturu uji na viazi mwezi mzima, tende za kuhesabu. Kwa hiyo asiyeshona nguo mwaka huu asijifiche ndani siku ya Idi. Tuko wengi.

Na hii ni Idi ya kwanza bila mjomba. Tulimzika mwezi wa Shaabani. Hakuwa imamu wala mjumbe wa kamati ya msikiti. Alikuwa akifagia, akikung'uta mabusati, na usiku maji yakitoka anaamka kujaza mapipa ya udhu, maana maji ya mjini kwetu yana siku zake. Kabla ya kukimiwa sala utamkuta ameinama mlangoni, anazigeuza kandambili za wazee zielekee nje, mtu akitoka aingize mguu tu. Watoto wa madrasa aliwaanza yeye kwa salamu. Sahaba Anas bin Malik amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akipita kwa watoto akiwasalimia, mjomba hakusoma sana, lakini hilo alilishika mpaka anaingia kaburini. Mazishini walikuja waendesha bodaboda, mama ntilie, mafundi wa gereji, na majirani zetu Wakristo walioacha palizi siku hiyo wakaja kushika majembe ya kuchimbia kaburi.

Jana usiku nilishika simu nimpigie, nimuulize kama mwezi umeandama. Ndivyo nilivyofanya kila mwaka. Nimeliangalia jina lake pale kwenye simu, nikashindwa kulifuta.

Mnaikumbuka hadithi ya yule mwanamke mweusi aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume, imo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Alipofariki, maswahaba walimzika bila kumwarifu Mtume, kama kwamba jambo lake waliliona dogo. Mtume akamkosa, akamuulizia, akaambiwa amekufa. Akasema: kwa nini hamkuniambia? Nionyesheni kaburi lake. Akaenda, akamsalia pale pale kaburini. Kiongozi wa umma mzima aliona pengo la mfagiaji mmoja. Sisi mfagiaji wa msikiti wetu tunalijua jina lake?

Ndilo linalonikera Idi hii. Mji wetu ulitangazwa makao makuu mwaka 1973, serikali ikaanza kuhamia kwa nguvu 2016, na 2018 tukawa jiji. Alhamdulillahi, barabara tumepata, wageni tumepata, viwanja vimepanda bei. Lakini pamoja na hayo tumepata tabia ya kumuuliza mtu "uko wizara gani?" kabla ya kumuuliza amelalaje. Akijibu kwamba anauza karanga pale stendi, mkono unalegea, macho yanamtafuta mwingine wa kusalimiana naye. Luqman, yule mwenye hekima anayetajwa katika Qur'ani, alimuusia mwanawe asiwageuzie watu shavu lake wala asitembee duniani kwa maringo. Shavu, jamani! Qur'ani imelitaja shavu kwa sababu ndipo dharau inapoanzia, kabla mtu hajafungua mdomo.

Wala sisemi tuvae matambara. Mtume aliposema kwamba haingii peponi mwenye kibri moyoni hata uzito wa chembe, mtu mmoja aliuliza: je, anayependa nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri? Katika hadithi hiyo iliyopokewa na Abdullah bin Mas'ud, Mtume alimjibu kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri. Kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi vaa kanzu yako ya darizi, jipake udi, mshukuru Mola wako. Ila ukiambiwa umekosea, sikia. Na yule aliyekaa pembeni yako kwenye safu na kanzu iliyofubaa, mpe bega lako lishikane na lake.

Na tuogope zaidi kibri kinachoota ndani ya ibada. Iblis hakukana kwamba Mungu yupo. Alikuwa anamjua, anazungumza naye, anamwita Mola wangu. Kilichomtoa ni neno moja alipoamriwa kumsujudia Adam: mimi ni bora kuliko yeye. Sasa tujitazame. Mwenye rakaa ishirini za tarawehe, sala ya usiku wa Ramadhani, anamcheka mwenye nane, na mwenye nane anamwona wa ishirini mjinga. Mwezi ukiandama, anayefungua leo anamkejeli anayefungua kesho, matusi yanajaa kwenye makundi ya simu usiku wa takbira! Tumefunga mwezi mzima tukizuia chakula, halafu ulimi tunaufungulia mlango siku ya kufunga hesabu. Na wenye uwezo, mnaogawa mchele na sukari, Mwenyezi Mungu awazidishie. Lakini mjane aliyepiga foleni juani asilazimishwe kushika mfuko kifuani na kutabasamu mbele ya kamera ili apate kilo mbili. Surat al-Baqara aya ya 264 inatukataza kuziharibu sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi. Mpe, mfichie uso wake, uondoke. Qarun naye, yule tajiri wa zama za Nabii Musa, alijiona mali ameipata kwa elimu yake mwenyewe, akatoka kwa watu wake na mapambo yake yote, wapenda dunia wakatamani kuwa kama yeye. Ardhi ikammeza yeye na nyumba yake. Nani amepewa cheo au kiwanja ambacho hakitamwacha?

Ambaye hajatoa fitri, sadaka ya kumalizia Ramadhani, aitoe kabla ya sala ya Idi, pishi moja kwa kila kichwa cha nyumbani, watoto wachanga wakiwemo. Kwa sisi wa huku, mtama na mahindi vinafaa, usisubiri kupata mchele wa Kyela. Tuliokosana mwaka huu tusameheane. Mimi nimesamehe, nami naomba mnisamehe. Wagonjwa Mungu awape shifaa, waliotangulia awape kauli thabiti, wasafiri awafikishe salama. Mjomba wangu mumsomee Fatiha.

Pilau ya mwaka huu itakuwa na nyama chache, ila nyumba yetu iko wazi baada ya sala. Mlio wageni mjini na hamna ndugu hapa, njooni, hata kama hatujuani. Taqabbalallahu minna wa minkum.

Ndugu yenu, Chang'ombe, Dodoma.