Asteria, kuhusu hiyo kamati yenu

Mwanza

Mpendwa Asteria,

Barua yako nimeipata, nikacheka peke yangu uliposema umetiwa kwenye kamati ya maafa ya hospitali bila hata kuulizwa. Hongera na pole, vyote viwili. Sisi huku hatujambo.

Unasema mfawidhi ametaka ugaidi wa kibaiolojia, yaani watu kueneza vimelea vya ugonjwa makusudi, uingizwe kwenye mpango, na wajumbe wakaguna: nani atatuletea vimelea huku kwetu? Waache wagune, lakini mgonjwa hafiki dirishani na cheti kinachoonyesha ugonjwa wake umetoka kwa popo au kwa mtu mwenye nia mbaya. Anafika na homa. Kule The Dalles, Oregon, mwaka 1984, watu 751 waliugua salmonela, vimelea vya kuharisha, baada ya kula mikahawani. Lawama za kwanza ziliwaangukia wahudumu wa jikoni. Karibu mwaka mzima ulipita ndipo ikajulikana kuwa wafuasi wa Rajneesh, kiongozi wa dini kutoka India, ndio waliotia vimelea kwenye saladi makusudi, wakilenga kuvuruga uchaguzi.

Kisa ninachowasimulia wanafunzi kila mara ni cha barua zilizotiwa vimelea vya kimeta na kutumwa kwa posta, Marekani, 2001. Robert Stevens, mhariri wa picha huko Florida, alifikishwa hospitali na homa, amechanganyikiwa, wakadhani ni homa ya uti wa mgongo tu. Daktari Larry Bush akaenda kutazama mwenyewe yale maji ya uti wa mgongo kwenye hadubini: vijiti vya zambarau vimeungana kama mnyororo. Kimeta cha mapafu kilikuwa hakijaonekana nchini mwao tangu 1976, lakini hakuona haya kukishuku, akapiga simu idara ya afya. Stevens alifariki tarehe 5 Oktoba, ila tahadhari ilikwishatolewa. Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, hakikisheni maabara inafanya kazi usiku na ile namba ya simu ya mkoa inapokelewa saa nane za usiku. Ijaribu mwenyewe, usiambiwe.

Kinachoniuma ni kilichofuata. Bahasha ya kimeta iliyotumwa kwa Seneta Daschle, mjini Washington, ilifunguliwa tarehe 15 Oktoba, na wafanyakazi wa ofisi zile wakaanzishiwa dawa mara moja. Waliochambua barua hizo kwenye kituo cha posta cha Brentwood, mjini humo humo, waliendelea na kazi, kwa sababu iliaminika bahasha iliyofungwa haivuji. Wawili wakafa, Joseph Curseen na Thomas Morris. Curseen alikwenda hospitali, akaruhusiwa kurudi nyumbani; aliporudishwa, hakupona. Jumla waliugua watu 22, wakafa 5.

Mipango mingi niliyoisoma huanza na daktari na kuishia kwa muuguzi. Wa kwenu umtaje mlinzi wa getini, mama wa usafi, dereva wa gari la wagonjwa, anayechoma taka na kijana wa mochwari, kila mmoja na glavu zake, barakoa yake na dozi yake.

Kuhusu mavazi ya kinga, msiyafungie stoo yakiwa kwenye plastiki. Kuvaa ni rahisi, hatari ipo kwenye kuvua. Glavu za nje zipulizwe klorini ya asilimia 0.5, gauni likunjwe nje iingie ndani, miwani ivuliwe kwa kamba ya nyuma huku umefumba macho, barakoa iwe ya mwisho, na mwenzako asimame kando akikusomea hatua kwa sauti. Kwenye zoezi letu daktari bingwa mmoja alijikuna pua na glavu. Tulicheka, kisha tukanyamaza.

Mengi ya haya mnayajua kuliko mimi. Marburg, ile homa kali ya virusi, ilipozuka Kagera mwaka 2023 waliugua watu 9, wakafa 6, na wahudumu wa afya walikuwamo. Fungueni faili lile, mwongeze mambo mawili tu: polisi wajulishwe mapema, na nguo au bahasha ya mgonjwa ifungwe na kuandikwa, isikimbizwe kwenye tanuri, maana ni ushahidi. Halafu wote wafundishwe kuwa kimeta hakiambukizwi kwa kukoholeana kama ndui ilivyokuwa, wasije wakamkimbia mgonjwa bure.

Nitumie rasimu kabla haijapigwa mhuri. Nisalimie mama na watoto, na msimu wa senene ukianza, mpe mtu anayekuja na meli.

Wako,
Rehema