Uchawi wa mezani tunautegua kwa vifuniko vya soda

Mhariri,

Nimesoma barua ya yule mzazi anayelalamika kwamba vijana siku hizi wanajifungia ndani kucheza uchawi, kwanza nikacheka halafu nikajiuliza isije ikawa anatusema sisi. Maana hapa Busia, upande wa Uganda, kila Jumamosi jioni tunakaa watu watano nyuma ya kibanda changu cha mobile money tunacheza D&D (Dungeons & Dragons), mchezo wa kusimulia hadithi mezani, na ukipita njiani utasikia mtu anapiga kelele "nategua uchawi wako!" Jirani mmoja alisikia akaenda kumwita mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Nitafika hapo.

Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe ulitoka Marekani 1974, waliotunga ni Gary Gygax na Dave Arneson. Mmoja ndo masta anasimulia, wengine ni wapiganaji, wachawi, wezi, na dadu inaamua. Ni hesabu tupu.

Shida yetu ni huko kutegua. Kwa kitabu cha kanuni cha 2014, adui akianza kurusha uchawi na mchawi wako anamwona ndani ya futi 60, unatumia riaksheni yako (ile nafasi ya kujibu hapohapo kabla zamu yako haijafika) na nafasi moja ya leveli ya tatu katika zile chache za kurushia uchawi, na kama uchawi wake ni wa leveli ya tatu kushuka chini basi umekufa palepale, hata dadu hurushi. Uchawi wake ukiwa mkubwa zaidi ndo unarusha, unatafuta 10 jumlisha leveli yake, yaani wa leveli ya sita unataka 16. Sasa mimi ndo masta, nilimpika mchawi wa mwisho wiki mbili nzima, nikampa jina, nikampa mguu mbovu, sauti yake nikaifanyia mazoezi bafuni, siku imefika ananyanyua mkono tu, dogo mmoja mdomo umejaa rolex, ile chapati ya mayai, anasema "nategua." Raundi ya pili, "nategua." Nikampa adui naye kutegua, wakategua kutegua kwake, na jamaa wetu wa boda ambaye ni mpiganaji mwenye shoka akawa anaangalia mpira kwenye simu.

Kitabu cha 2024 kimejaribu kurekebisha, adui anarushiwa dadu ya uimara wa mwili, akishindwa uchawi unayeyuka lakini nafasi yake inabaki. Afadhali, ila bado anayetegua hatoki jasho.

Basi mwenyekiti akaja. Ni mzee aliyekaa jeshini, Kiswahili chake cha kambini, nadhani alitegemea kukuta kuku na vibuyu, akakuta kavera, mfuko wa plastiki, yenye vifuniko 20 vya soda vilivyoandikwa namba kwa maka, kwa sababu dadu ya pande 20 hatuna, unatikisa unachomoa kimoja. Akavuta jeri, akaikalia. Baada ya kama nusu saa akaniuliza, "We kijana, mbona huyu anaambiwa bei kabla hajalipa?"

Kweli bwana. Nilikuwa nataja jina la uchawi kwanza, wakati kitabu cha nyongeza cha 2017 kinasema kuutambua tu kunakula riaksheni, ukishautambua huwezi kuutegua tena, ila nani anakumbuka hayo saa mbili usiku.

Sasa hivi tunafanya hivi. Masta anaficha vifuniko kwenye ngumi sawa na leveli ya uchawi, anayetegua anaficha idadi ya leveli anayoichoma, mnafungua pamoja. Ukifikisha au ukizidisha, uchawi umekufa. Ukipungukiwa kimoja unatoka nusu. Zaidi ya hapo unatoka wote, na ulichoweka kimeenda, hata ukizidisha hurudishiwi. Kutegua kutegua hakuna. Siku ya kwanza dogo aliweka vitano, mimi nikafungua mkono, kimoja, adui alikuwa anabadili sura akimbie! Alikaa kimya mpaka chai ikaja.

Na mtu wa boda naye tumempa kazi: akiwa karibu na mchawi anaruhusiwa kumpiga shoka kwa riaksheni, mchawi anatafuta 10 au nusu ya maumivu, ile kubwa, asipofikisha uchawi unakatika. Hesabu hiyo hatukuibuni, ni ileile ya kitabuni ya kulinda umakini, mchawi akipigwa huku anaushikilia uchawi. Simu siku hizi inakaa mfukoni.

Tumekwama sehemu moja. Umeme ulikatika katikati ya vita na dogo akadai hata ndani ya hadithi ni giza, na kweli kitabu kinasema lazima umwone anayerusha. Mimi nasema ukimsikia anasoma maneno utegue kwa kuongeza kifuniko kimoja, mwenyekiti amekataa katakata. Kama kuna wanaocheza Arua au Kasese watuandikie wao wanafanyaje.

Yule mzazi naye karibu, tunaanza saa kumi. Aje na soda mbili, namba 7 na 13 zimepotea.

Masta wa Jumamosi,
Busia, Uganda