Kabla Hujaikata Sailensa: Barua kwa Swahibu Yangu wa Lushoto

Ngamiani, Tanga
Ijumaa, baada ya magharibi

Swahibu yangu,

Asalaam aleikum. Salamu nyingi kwa shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, ni joto tu linatutoa jasho. Ujumbe wako nimeusoma, nikaona maneno mawili matatu ya simu hayatatosha. Hilo unalotaka kulifanya Jumapili likienda vibaya, utalilipia kila unapopanda mlima kutoka Mombo.

Umesema fundi wa kijiweni ameiona ekzosi ya pikipiki yako ya Boxer ilivyotobolewa na kutu, akakushauri aikate kwa nyuma, aitoe matumbo yote ya ndani, aifunge tena kwa kuchomelea, na pikipiki itapata nguvu na sauti nzito. Nakuomba usikubali. Kubadilisha ekzosi ni jambo jema, na kwa mikono yako ilivyo mitulivu unaweza kulifanya mwenyewe hapo barazani. Lakini ekzosi nzuri ni ile inayokufikisha juu na abiria na gunia lake bila kushusha gia kila kona, na majirani wasijue umerudi saa ngapi. Kwa kukata matumbo hupati hata kimoja kati ya hivyo.

Nikueleze kwa nini, maana najua wewe hutaki kuambiwa "usifanye" bila sababu.

Valvu ya kutolea moshi inafunguka kabla pistoni haijafika chini kabisa. Moshi unatoka kwa kishindo, na kishindo hicho kinakimbia ndani ya bomba kama wimbi, kwa kasi kuliko sauti ya kawaida hewani, kwa sababu humo ndani mna joto kali. Wimbi likifika pale bomba linapopanuka kuingia kwenye sailensa, linageuka na kurudi kwenye hedi, yaani kichwa cha injini, safari hii likiwa wimbi la kunyonya. Likirudi wakati valvu zote mbili ziko wazi kidogo, linavuta mabaki ya moshi na kuikaribisha hewa mpya ndani ya silinda. Urefu wa bomba ndio unaoamua wimbi litarudi lini, yaani injini itasaidiwa ikiwa kwenye mizunguko mingapi. Bomba refu na jembamba husaidia chini, fupi na nene husaidia juu sana. Sasa tazama Boxer 150: nguvu yake ya farasi kama 12 inapatikana kwenye mizunguko 7,500 hivi kwa dakika, lakini mvuto wake mkubwa uko chini ya hapo, kama 5,000. Wewe mlimani unaishi huko chini. Ukipewa bomba nene na sailensa tupu, umeuza mvuto wa mlimani ukanunua mbio za barabara tambarare ambayo Lushoto hamna.

Utasikia watu wakisema injini inataka moshi ukabwe kidogo ndipo ivute. Hapana. Injini haifaidiki na kukabwa. Inachotaka ni moshi uende mbio, na bomba likiwa nene mno moshi unapoa, unapunguza mwendo, na ule mnyonyo unapotea. Ndiyo maana kama unabadilisha bomba la mbele, lile linalotoka kwenye hedi, shika unene na urefu uleule wa kiwandani. Wahandisi waliliweka hivyo kwa hesabu.

Kuhusu lile bomba lenye tumbo ambalo fundi anasema aliliona kwenye Yamaha DT za zamani likiongeza nguvu: amesema kweli, ila ni injini nyingine. Zile ni za mipigo miwili, za kuchanganya oili na petroli, hazina valvu za kutolea moshi kama zako. Pale petroli mbichi hutoroka pamoja na moshi, na lile tumbo kazi yake ni kurudisha wimbi la kusukuma ili petroli iliyotoroka irudi ndani kabla tundu halijafungwa na pistoni. Aliyeifikisha mbali hesabu hiyo ni mhandisi wa Ujerumani Mashariki, Walter Kaaden, akiwa kampuni ya MZ miaka ya 1950. Mwaka 1961 dereva wake, Ernst Degner, alitoroka nchi na ujuzi ule akaupeleka Suzuki, na mwaka uliofuata Suzuki ikachukua ubingwa wa dunia wa pikipiki za injini ya cc 50. Huwa naipenda sana habari hiyo: mtu kuvuka mpaka na siri ya umbo la bomba la moshi! Lakini tumbo lile kwenye Boxer halina kazi ya kufanya. Litakuongezea uzito na kero tu.

Tuje kwenye kutu, kwa sababu hapo ndipo tatizo lako lilipoanzia. Watu hudhani ekzosi huoza kwa nje. Yangu huku, kwa hewa ya chumvi, kweli inaliwa na nje. Yako imeliwa kutoka ndani. Petroli ikiungua inatoa maji, na si kidogo: kila lita moja ya petroli inatoa karibu lita moja ya maji. Injini ikiwa ya moto maji hayo yanatoka kama mvuke. Lakini kwa baridi ya kwenu, na safari zako fupi za sokoni na shuleni, sailensa haipati moto wa kutosha, mvuke unageuka maji humohumo ndani na kutuama chini. Chungulia chini ya sailensa za kiwandani, nyingi zina kitundu kidogo. Hicho ndicho mlango wa maji. Nimeona vijana wakikiziba kwa kuchomelea wakidhani ni kutu imetoboa. Ukinunua au kutengenezesha mpya, hakikisha kitundu kipo na kinaangalia chini, na mara moja moja uipe pikipiki safari ndefu ya kuichemsha.

Kwa hiyo mali ya kutafuta ni stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi. Kama mfuko hauruhusu, nunua ya chuma ya kiwandani iliyo mpya, wala usione haya, ni chaguo la heshima kabisa. Ila kuna jambo moja nakusihi kama ndugu: usikubali bomba la maji, lile la mabati, ligeuzwe ekzosi. Bomba hilo limepakwa zinki, na zinki ikichomelewa inatoa moshi mweupe unaompa mchomeleaji homa na baridi usiku kucha. Halafu, kazi yoyote ya kuchomelea ifanyike ekzosi ikiwa imeshafunguliwa na kuwekwa chini, mbali na pikipiki. Juu yake pana tanki la petroli, na umeme wa kuchomelea ukipita kwenye chesisi unaweza kuua CDI, kile kifaa cha umeme kinachoendesha cheche ya plagi.

Sailensa niliyofunga mimi ni ya aina ya mtungi: ndani kuna bomba lenye matundu mengi, limezungukwa na sufi ya kioo inayomeza sauti. Moshi unapita moja kwa moja, lakini kishindo kinafia kwenye sufi. Ina kizibo kidogo cha kupunguza sauti kwa nyuma, kinachoshikwa na boliti moja, nami sikitoi. Nguvu? Sikuona ongezeko la kutangaza, na sitakudanganya kwamba liko. Nilichopata ni pikipiki nyepesi kwa nyuma, isiyovuja moshi, na iliyochangamka kidogo unapofungua resi. Kwangu hiyo inatosha. Sufi huchakaa na baada ya muda sauti huanza kupanda, hapo unafungua mtungi na kujaza nyingine.

Sasa kazi yenyewe. Jumamosi jioni paka mafuta ya kulegeza kutu kwenye nati mbili za kwenye hedi na kwenye boliti inayoshika sailensa nyuma. Rudia Jumapili asubuhi. Kisha washa pikipiki kidogo, nje uani, usiwashe kamwe ndani ya banda, maana moshi ule una hewa ya kaboni monoksidi isiyo na harufu na inayoua mtu akiwa amekaa tu. Hedi ikipata uvuguvugu, zima. Nati zikiwa na uvuguvugu hulegea kwa urahisi zaidi. Nati ikikataa, usiifanyie ubabe. Ifungue robo, irudishe, tia mafuta, ifungue tena. Stadi, ile boliti isiyo na kichwa inayoshika nati, ikikatikia ndani ya hedi, kazi ya asubuhi moja inageuka kuwa ya kushusha hedi na kuipeleka kwa fundi mkerezaji mjini.

Bomba likitoka, tazama ndani ya tundu la hedi kwa tochi. Gasketi ya zamani, ile pete inayoziba maungio ya bomba na hedi, mara nyingi hubaki imeng'ang'ania humo, imebadilika rangi ikafanana na hedi yenyewe, na wengi huweka mpya juu yake bila kujua. Ndiyo chanzo cha nusu ya ekzosi zinazovuja hapa mjini, ukiniuliza mimi. Itoe taratibu kwa bisibisi bila kukwaruza aluminiamu ya hedi, safisha stadi kwa brashi ya waya, zipake grisi ya shaba kidogo ili mwakani zisikutese.

Wakati wa kufunga, usikaze chochote mpaka kila kitu kiwe kimekaa mahali pake. Gasketi, bomba, nati mbili kwa vidole, boliti ya nyuma kwa vidole. Kisha kaza za hedi kwa zamu, hii kidogo na ile kidogo, ili gasketi ibanwe sawasawa. Ya nyuma inakuja mwisho. Ukianza na ya nyuma, bomba linakuwa limevutwa kwa nguvu na litapasuka kwenye maungio kwa mtetemo wa barabara. Kabla ya kuwasha, mwambie mtu mzito akae nyuma na kuruka ruka kidogo, uangalie kama sailensa inagusa uma wa nyuma au fimbo ya breki. Angalia pia kwamba unaweza kufikia boliti ya kumwagia oili. Kama ni stenlesi, ifute vizuri kwa kitambaa safi, kwa sababu alama za vidole zenye mafuta zikishapata moto hubaki pale milele. Baada ya safari ya kwanza, pikipiki ikipoa, kaza nati tena.

Kupima uvujaji, washa na uzibe kidogo mdomo wa sailensa kwa kitambaa kinene. Ukisikia "pss pss" kwenye hedi, gasketi haijakaa.

Sehemu ya kabureta ndiyo inayohitaji subira, na hapo wewe wa mlimani una bahati. Ekzosi ikiwa wazi zaidi, mchanganyiko huelekea kuwa na hewa nyingi na petroli chache, injini inachemka, na ikiendelea hivyo inaweza kuunguza valvu. Sisi wa pwani hulazimika kupandisha jeti kubwa, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, namba moja. Lakini Lushoto mko mita kama 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na pikipiki isiyorekebishwa huko hunywa petroli kuliko inavyohitaji. Inawezekana ekzosi mpya ikakusawazishia hesabu bila kugusa kitu. Kwa hiyo usinunue jeti kwanza. Weka plagi mpya, panda kutoka Mombo kwa resi ya wastani mpaka Soni, bana klachi na uzime palepale, usiiache ingurume, kisha ifungue plagi uitazame. Kahawia kama chai ya maziwa, uko salama. Nyeupe, hewa imezidi. Nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Ipime na siku unayokaa tambarare Mombo au Korogwe, maana huko hewa ni nzito na plagi inaweza kusema jambo jingine. Ukilazimika kubadili jeti, nunua ya kampuni ileile ya kabureta yako. Namba za Mikuni na Keihin hazilingani.

Na kama wakati wa kuteremka, ukiwa umeachia resi, ekzosi inapiga "pa pa pa", kagua gasketi kabla ya kulaumu kabureta. Ikivuja inanyonya hewa ya nje, na petroli iliyobaki inaungua ndani ya bomba.

Ile kinga ya joto irudishe kwenye bomba, hata kama mpya haikuja nayo, tengenezesha. Abiria wako wengi ni kina mama wenye kanga na watoto wa shule, na unajua ni miguu mingapi yenye kovu la ekzosi ya bodaboda. Kuhusu kelele, kanuni za mazingira za mwaka 2015 zinazozuia kelele zipo, na trafiki anaweza kukusimamisha. Lakini mimi nakufikiria wewe zaidi. Wataalamu wa afya kazini wanaweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Wewe unakaa juu ya chombo hicho kutwa. Nataka tuzeeke tukisikilizana.

Gasketi mbili za Boxer nimeshakununulia, moja ya akiba. Nazituma kesho na basi la asubuhi la Lushoto, ziko kwenye bahasha ya kaki pamoja na kijaluba cha grisi ya shaba. Ukiipokea nijulishe, na ukishafika Soni na ile plagi, nipigie picha yake mchana, kwenye mwanga wa jua, usitumie tochi.

Wako,
Swahibu yako wa Ngamiani